Maswali ya Wasomaji: Shati la Ng'ambo Dola 4, Letu Dola 7

Nina atelye ya mafundi wanne, tunashona mashati meupe ya shule. Nauza moja dola 7. Sokoni la ng'ambo ni dola 4. Hesabu yangu: kitambaa mita 1.30, kila mita dola 2.80, fundi dola 1.50, vifungo, uzi na kitambaa kigumu cha kola senti 50, nyumba na makaa senti 60. Nikimlipa fundi dola 1, nitaweza kushindana? *Mama F., Katuba, Lubumbashi*

Hapana, Mama. Utashuka hadi dola 6.50, mteja ataendelea kununua lile la dola 4, na fundi wako hodari ndiye atakayeondoka wa kwanza.

Tazama upande wa pili. Bangladesh, mshahara wa chini wa kiwanda cha nguo ni taka 12,500 (taka ni pesa ya huko) kwa mwezi tangu Desemba 2023, wakati ule kama dola 113. Siku 26 za saa 8 ni dakika 12,480. Tuseme nusu tu ya dakika hizo ndiyo inazaa kazi: bado dakika moja haifiki senti 2. Shati la mikono mifupi likichukua dakika 20 za mashini, ni senti 36. Weka wakataji, wapiga pasi na wasimamizi, ufike senti 70. Wewe unalipa dola 1.50. Kwa hiyo mshahara unaeleza senti 80 tu, na pengo la bei ni dola 3.

Umbali nao haukukingi. Tuchukue kontena la futi 40 lenye mashati ya watoto 30,000. Hata meli hadi Dar es Salaam na lori kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa zikila dola 12,000, kila shati linabeba senti 40. (Godoro ni jambo lingine: kontena lake hujaa hewa, ndiyo maana kiwanda cha magodoro kinaweza kuishi Lubumbashi pasipo muujiza.)

Pesa yako inapotea mezani, wakati wa kukata. Ukikata shati moja moja, vipande vinavyobaki kando ya kila kwapa na kila kola ni kitambaa ulichokilipia. Kusanya komande mpaka ufikie mashati 60, kisha nunua rola ya upana wa sentimita 150, poliesta 65 na pamba 35, ukigawana na atelye jirani ikibidi. Panga patroni (vielelezo vya kukatia) za saizi tatu pamoja, ndogo, ya kati na kubwa, mikono ya ile ndogo ikiingia kwenye mianya ya ile kubwa. Zikipangwa vizuri zinakaa kwenye urefu wa mita 3.15. Ongeza sentimita 2 kila ncha, tandaza safu 20, na mita 64 zitakupa mashati 60. Usivute kitambaa unapotandaza. Kikivutwa, hurudi baada ya kukatwa na mbele ya shati inakuwa fupi kuliko mgongo. Safu 20 zinataka kisu cha umeme. Kama huna, kata safu 5 mara nne kwa mkasi mkubwa: utachelewa, lakini kitambaa unachookoa ni kile kile.

Kabla ya yote, kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue, kikauke, ukipime. Kikirudi asilimia 3, kola ya sentimita 34 inapoteza sentimita 1, na mtoto hafungi kifungo cha juu. Usichanganye rola mbili katika shati moja hata kama zote zinaitwa nyeupe. Jua la mwezi wa tisa litakuumbua.

Katika kushona, fundi mmoja asimalize shati zima peke yake. Peleka mafungu ya 10: mmoja kola, mmoja mifuko na sehemu ya vifungo, mmoja mabega na mikono, mmoja pande na pindo. Kola ndiyo inayokwamisha, basi aliye hodari akae hapo. Sindano namba 11 au 12. Namba 14 hukunja kitambaa chepesi kando ya mshono. Mashini za kukanyaga hazingoji umeme, na pasi ya makaa iwe tayari siku umeme wa SNEL ukikatika.

Sasa hesabu upya. Rola ikikupatia mita kwa dola 2.20, kitambaa ni kama dola 2.35. Fundi abaki na dola 1.50. Grosi moja, yaani vifungo 144, inatosha mashati 20 ya vifungo 7. Vifaa vyote vishuke hadi senti 35. Nyumba na makaa senti 40, kwa kuwa siku moja inatoa mashati mengi zaidi. Jumla dola 4.60. Uza 5.30. La dola 4 bado liko chini yako, lakini halina beji ya shule, halina saizi ya mtoto mnene, na likiisha wiki ya kwanza ya masomo hakuna wa kulileta kesho yake.

Kama mishahara ya chini huvuta viwanda, mbona havikuhamia Afrika vyote? *Msomaji, Kamalondo*

Ethiopia ilijaribu. Eneo la viwanda la Hawassa lilifunguliwa 2016, na mwaka 2019 mshahara wa kuanzia ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi, chini sana ya Bangladesh. Wafanyakazi waliacha kazi kwa wingi, maana pesa hiyo haikutosha chumba na chakula, na kila mgeni alihitaji kufundishwa upya. Novemba 2021 kampuni ya nguo ya PVH ya Marekani ilifunga kiwanda chake huko. Januari 2022 Ethiopia ikapoteza nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya biashara na Afrika. China, kwa upande wake, inalipa zaidi ya Bangladesh na bado inauza: soko la vitambaa liko Keqiao, vifungo viko Qiaotou, yote katika jimbo moja la Zhejiang.

Serikali ikiongeza ushuru wa nguo, si tutapona? *D., mtaa wa Kenya, Lubumbashi*

Kidogo tu. Shati likitangazwa kwa duane (forodha) dola 1.50, ushuru wa asilimia 20 ni senti 30. Ukiufanya 40, pamoja na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu yake, bei inapanda senti 35, na mwenye kupita vichochoroni Kasumbalesa halipi chochote. Afadhali mafundi mdai pengo kubwa kati ya ushuru wa shati na ushuru wa kitambaa. Mkiagiza rola pamoja, fakturi itaje mchanganyiko na uzito wa mita ya mraba: poliesta na pamba ya 65 kwa 35 isiyozidi gramu 170 huingia namba ya forodha 5513, iliyozidi hapo 5514, na shati la mvulana lililoshonwa tayari ni 6205. Fakturi isiyotaja uzito humwachia mkaguzi nafasi ya kuchagua namba mwenyewe.