Uanzie wapi kuisikiliza The Fall

Ndugu, umesema bendi ya Joy Division imekukolea, sasa unataka The Fall, bendi nyingine ya roki ya Uingereza, ila albamu zao zaidi ya 30 zinakutisha. Usizifuate kwa mpangilio wa miaka. Anza na This Nation's Saving Grace ya 1985. Brix Smith, mpiga gitaa Mmarekani, alikuwa ameshajiunga, na nyimbo zikapata melodia bila kupoteza ukali. Isikilize kwa spika nzuri, maana besi ya Steve Hanley ndiyo nguzo ya kila kitu na simu itakunyima nusu ya utamu.

Ukishaizoea, rudi Hex Enduction Hour ya 1982. Hiyo ni nzito: wapiga dramu wawili, na Mark E. Smith, mwimbaji na kiongozi wa bendi, anafoka na kusimulia zaidi ya kuimba. Ipe nafasi mara tatu nne kabla ya kuihukumu.

Umeuliza pia kama bendi iliyopitiwa na wanamuziki zaidi ya 60 ni ile ile. Kwangu ni ile ile. Ilianza Prestwich, Manchester, mwaka 1976, na Mark E. Smith hakuiacha hadi alipofariki Januari 2018. Aliwafukuza wenzake kwa ukatili usiotetewa, lakini muziki haukuwahi kulala.

Halafu tafuta rekodi walizofanya kwa kipindi cha mtangazaji John Peel kwenye redio ya BBC, vikao 24 kati ya 1978 na 2004. Hapo utaisikia safari karibu yote. Rekodi za jukwaani ziache mwisho. Nyingi hazikurekodiwa vizuri.