Plasta ya saruji inaozesha ukuta wetu

SWALI: Familia yetu ina nyumba ya wageni ya enzi za wakoloni karibu na ziwa, hapa Jinja, ya matofali ya kuchoma. Kila masika plasta hubanduka hadi usawa wa kiuno na chumvi nyeupe hutokeza. Fundi anataka kupiga saruji upya na kubandika vigae. Tukubali? – Msomaji, Jinja

JIBU: Msikubali, tafadhali. Kuta za namna hiyo kwa kawaida zilijengwa kwa chokaa: hunyonya unyevu wa ardhini, kisha huutoa nje. Saruji imeziba njia hiyo, hivyo maji hupanda juu zaidi na chumvi hujikusanya nyuma ya plasta mpaka isukumwe nje. Vigae vitaongeza tatizo.

Anzeni na maji. Zibeni gata zinazovuja, na chimbeni udongo wa nje uwe sentimita 15 hivi chini ya sakafu, ukiteremka kutoka ukutani.

Kisha bandueni saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Matofali yakianza kumeguka nayo, acheni sehemu hiyo. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu. Mkiiosha itaingia tena ndani. Ukuta ukauke kwa wiki kadhaa, hata ikibidi kufunga vyumba viwili vitatu.

Chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikapoa) ilowekwe kwenye pipa la plastiki kwa wiki mbili au zaidi. Mkinunua isiyozimwa, tieni chokaa ndani ya maji, kamwe msimwage maji juu yake: huchemka na kurukia macho. Vaeni miwani na glavu. Changanyeni sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga msafi wenye chembe kali.

Lowesheni ukuta, pigeni tabaka la milimita 10, na la pili baada ya la kwanza kushika. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa huku ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua hubaki unga au hupasuka. Itundikieni magunia mabichi kwa wiki nzima.

Pakeni chokaa tu. Rangi ya mafuta itaziba ukuta upya. Kabla ya kubadilisha milango au varanda, ulizeni halmashauri ya jiji na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kama jengo limeorodheshwa.