Mnaoanza kufanyisha watoto mazoezi tiba, mnashika sana

Nyie mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kuwasaidia watoto wenye ulemavu wa viungo kusimama na kutembea, kuna kitu mimi kilinichukua kama miaka miwili kukielewa. Mnashika sana. Wote tulianza hivo, unaogopa mtoto wa watu asije akaanguka mikononi mwako basi unambana kiuno, unambana kifua, miguu unamsogezea mwenyewe, mama yake pembeni anafurahi mwanangu katembea leo, kumbe aliyetembea ni wewe na mtoto kaning'inia tu kama nguo kwenye kamba.

Nilikuwa na binti wa miaka minne, ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia mapema na misuli haimtii vizuri, tukawa tunamfunga ile mikanda ya kubeba uzito wa mwili juu ya tredimili, ile mashine ya kutembelea. Wiki sita naandika dakika zinapanda, najiona fundi kweli. Siku hiyo mwenzangu akapita, akainama, akauliza we, kisigino cha huyu kinagusa chini? Hakigusi! Nilikuwa nimempandisha juu mno, anapapasa kwa vidole tu, uzito wote uko kwenye mikanda. Tukamshusha taratibu mpaka nyayo zikakaa zote na magoti yakawa yanajikaza yenyewe, akaenda dakika tatu akalowa jasho. Dakika tatu zile zilikuwa na kazi kuliko wiki zangu sita, na toka hapo naangalia kisigino kabla ya saa.

Sasa unashika wapi? Inategemea anaposhindwa. Kama kiwiliwili kinalegea shika mbavuni, akianza kujimudu shuka kwenye nyonga, afu baadae kidole kimoja tu mgongoni. Na ukimwambia piga hatua, subiri. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, ujumbe kutoka kichwani mpaka mguuni kwa hawa watoto unachelewa, wewe ukiwahi kumsogeza umemnyang'anya zamu yake. Mimi hapo bado najikuta nawahi mpaka leo.

Jifunzeni pia zile ngazi 5 za GMFCS, yaani mpangilio wa kuonyesha mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kujongea kiasi gani, zilitolewa Kanada mwaka 1997, ngazi ya 1 anatembea bila kifaa, ya 5 hata kichwa kukishikilia ni shida. Sio za kumpachika mtoto jina, ni za kukuzuia wewe kuahidi uongo. Mtoto wa ngazi ya 5 ukimweka kwenye fremu ya kusimamia usimwambie mzazi kwamba kesho atatembea. Mwambie anasimama ili mifupa ibebe uzito, misuli isizidi kukaza, choo kipite vizuri, na awaone wenzake akiwa wima, hayo sio madogo. Na nyonga jamani! Karibu theluthi moja ya watoto wenye mtindio wa ubongo nyonga zao husogea kutoka mahali pake, mwanzoni hata hawaumwi, kwa hiyo usisubiri alie, ulizia eksirei ya nyonga mapema hasa kwa ambao hawatembei.

Akilia, simama kwanza uangalie. Wengine wanadeka, ndio, ila mara nyingi ni mkanda wa mapajani umebana au splinti, kile kifaa kigumu cha kushikilia mguu, imekunja soksi ndani. Ukimvua kagua ngozi, wekundu ukikaa zaidi ya nusu saa hicho kifaa hakimfai kilivyo, kirudishe kwa aliyekitengeneza.

Kingine ni nyumbani. Usimpe mama karatasi ya mazoezi kumi na mbili, ana kupika ana kufua ana watoto wengine, hatafanya na atakuogopa kukwambia. Mpe moja linaloingia kwenye shughuli ya kila siku, mfano wakati wa kumvalisha nguo mtoto asimame ameshika kiti, mama asimshike kiunoni. Afu mwambie afanye hapo hapo mbele yako, uone mikono yake inaenda wapi.