Kabla hujaishusha injini ya ndege yako

Swali ninaloulizwa sana na wenzetu walionunua ndege za kujitengenezea huku Marekani ni hili: "Kaka, nimepima kompresheni, silinda moja imetoa 62 kwa 80. Niipeleke injini kwa nani?" Kompresheni ni uwezo wa silinda kushika hewa isivuje. Nami humrudishia swali: filta ya oili uliyoitoa mara ya mwisho iko wapi? Wengi wameshaitupa. Basi wametupa shahidi wa kwanza, halafu wanataka hukumu.

Ufundi niliuanzia Gerezani, Dar es Salaam, kwenye injini za daladala. Mzee aliyenifundisha alikuwa akifungua kizibo cha oili injini ikinguruma, anaweka kiganja juu ya tundu, anainamisha kichwa. Upepo ukimsukuma mkono, anasema neno moja tu: "Ringi," yaani pete za pistoni zinavujisha. Nilipokuja kuishika Lycoming O-320, injini ya ndege ya silinda nne, kwa mara ya kwanza, kwenye RV-6 ya mtu, ndege ndogo ya kujitengenezea, nilikuta geji mbili na kitabu, lakini kazi ya sikio ni ileile.

Kipimo chenyewe cha kompresheni kinakwenda hivi. Injini iwe bado ya moto. Pistoni inapandishwa mpaka juu kabisa, valvu zote mbili zimefunga, kisha unaingiza hewa yenye msukumo wa pauni 80 kwa inchi ya mraba kupitia tundu la plagi. Geji ya pili inakuonyesha kilichobaki: 76 kwa 80, 71 kwa 80. Mwenzako ashike propela kwa nguvu zake zote, maana hewa ile ikiikuta pistoni imepita juu kidogo tu, propela inageuka na haiombi ruhusa. Mwongozo wa Lycoming unasema silinda zote zikikaribiana na ziko juu ya 70, ni sawa. Chini ya 65 ujue zimeanza kulika, uzipime tena kila baada ya saa 100. Chini ya 60 ndipo ufikirie kuitoa silinda.

Ila namba peke yake haikwambii kitu kama hukusikiliza hewa inatokea wapi. Ikifoka kwenye ekzosi, valvu ya moshi haifungi. Kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Kwenye tundu la oili, ni ringi au ukuta wa silinda. Na mlio wa valvu ya moshi ndio usiopaswa kuupuuza hata kama namba inapendeza, kwa sababu valvu ile ikikatika angani unapoteza silinda nzima. Ingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi uangalie uso wa valvu hiyo. Iliyo nzima ina rangi za duara zinazolingana, mduara ndani ya mduara. Inayoungua ina upande mmoja wa ukingo uliobadilika rangi.

Mimi kosa langu nililifanya mwaka wa pili. Silinda namba tatu ilitoa 58, hewa inatoka tundu la oili, nami nikakumbuka kiganja cha mzee nikasema ringi hizo. Nikaivua. Ringi zilikuwa ndani ya vipimo, ukuta safi. Ndege ilikuwa imekaa miezi mitatu bila kuruka, basi! Ningemwambia mwenyewe aende akairushe saa chache, arudi tupime tena. Na kuvua silinda si sawa na kubadilisha tairi: baadhi ya bolti zinazoishika ndizo zinazobana nusu mbili za kesi, yaani kasha la injini, na humo ndani ndimo zilimo beringi za krenki, shafti inayozungusha propela. Ukizilegeza na mtu akaigeuza propela, beringi zinaweza kusogea. Ulikwenda kutibu kidole, umevunja mkono.

Sasa turudi kwenye filta. Ikate, nyoosha karatasi yake, ikamue, itandaze juani kwenye kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku. Vumbi laini kidogo ni kawaida kwa injini mpya. Vipande vyembamba vinavyong'aa na kunasa kwenye sumaku ni habari nyingine. Kwenye Lycoming kamshafti, shafti inayofungua valvu, imekaa juu ya krenki, oili huifikia kwa kurushiwa. Ndege ikilala wiki nyingi oili yote inashuka, unyevu unakaa, kutu inaanza kwenye pua za kamshafti na nyuso za tapeti, vipande ambavyo pua hizo huvisukuma. Ukija kuiwasha, kutu ile inasaga. Kompresheni itakupa 77 kwenye silinda zote nne huku kamshafti inaliwa! Ndiyo maana simwamini muuzaji anayenionyesha kompresheni tupu, hasa wa ndege iliyoruka saa 20 kwa mwaka. Na wale wanaoiwasha dakika tano kila Jumapili "isizeeke" wanaiongezea maji tu, kwa sababu oili haipati moto wa kutosha kuyakausha.

Peleka pia sampuli ya oili maabara, lakini usiogope jibu la kwanza. Linganisha la leo na la juzi. Madini ya silika, yaani vumbi la mchanga, yakipanda, kagua filta ya hewa kabla hujaulaumu chuma. Risasi usiijali, inatoka kwenye petroli yenyewe ya 100LL.

Kuhusu saa 2,000 zinazosemwa kwenye O-320 kuwa ndio muda wa kuifungua injini yote: ni pendekezo la kiwanda, pamoja na miaka 12. Ndege ya kujitengenezea ya mtu binafsi, iliyosajiliwa kama ya majaribio, haishushwi injini kwa sababu kalenda imefika. Nimeona za saa 2,300 zinazokula oili kidogo kuliko za 900.

Ikithibitika kwamba inafunguliwa, ndipo utafute fundi. Usianze na bei. Uliza kwanza: unanirudishia vipimo vya kipuri kipya, au vile vya mwisho vinavyoruhusiwa kwa kipuri kilichotumika? Vyote viwili ni halali na vyote vinaitwa kwa jina moja, "overhaul", lakini cha pili kinaweza kuwa pembeni ya kuchakaa siku unayolipa. Dai karatasi yenye namba za kila kipuri kilichopimwa. Akikuambia injini yako itarudi "saa sifuri", yaani ianze kuhesabiwa upya kama mpya, muulize kibali; kwa sheria za Marekani hilo ni la mtengenezaji mwenyewe au karakana aliyoiidhinisha.

Kuna karakana iliyowahi kunirudishia injini imepakwa rangi ikawaka kama sinia la sikukuu, na maandishi mistari mitatu kitabuni. Filta ya pili tu, sumaku ikaota ndevu. Kufuatilia ankara, kamshafti ilikuwa imesagwa upya, tapeti hazimo kwenye orodha: walirudisha zilezile za zamani. Tapeti na kamshafti ni mume na mke, kamshafti ikibadilika nazo zibadilike. Tangu hapo naomba orodha ya vipuri vipya kabla sijatoa amana, na naomba kuona krenki yangu ikiwa mezani. Kazi ya kusaga krenki au kuziba nyufa za kesi wengi huipeleka kwa mabingwa wengine, hilo halina ubaya, ila akutajie ni nani. Akutajie pia bei itakuwaje kesi ikikutwa na ufa. Na kama propela iliwahi kugonga kitu, mwambie.

Dhamana isome tarehe inapoanzia. Nyingi huanza siku ya kukabidhiwa, na nyinyi wajenzi mnajulikana: injini inafika, bawa bado ni mabati sakafuni, miaka miwili inapita. Injini iagizwe mwisho.

Ikishafungwa, mwaga oili ya madini isiyo na viongezeo, usiizungushe ardhini muda mrefu, ruka nayo kwa asilimia 65 hadi 75 ya nguvu ili ringi zikae kwenye ukuta wake. Ukiibembeleza, ukuta unang'arishwa na ringi hazishiki tena. Pima oili kwa kijiti, na andika kitabuni kila kiasi ulichoongeza. Siku namba hiyo itakapoacha kucheza, badilisha oili uweke ile yenye viongezeo.