Mafunzo ya mtandaoni: tatizo la mmoja lisilile kipindi cha wote

Nawafundisha makatibu wa vikoba, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kutunza vitabu vya hesabu kwa Zoom, mimi nikiwa Uyole, wao wametawanyika Tukuyu, Makete, Mafinga na Mbozi. Zamani kila aliyeandika "sikusikii" nilisimamisha somo nimhudumie. Zoom ya bure hukata kikao kikifika dakika 40, kwa hiyo dakika kumi za kumwelekeza mtu mmoja ni robo ya kipindi cha watu ishirini. Wengi walikuwa wakitoka kimya kimya.

Sasa sifundishi bila msaidizi. Kazi yake ni simu tu. Namba yake naituma kwenye kundi la WhatsApp siku moja kabla, na mwenye shida anampigia yeye, somo linaendelea.

Asiyesikia, mara nyingi simu yake ni nzima. Ameingia bila kukubali kuunganisha sauti. Mwangwi huletwa na watu wawili walioketi chumba kimoja, kila mmoja na simu yake: mmoja azime spika na kipaza sauti. Anayekatikakatika azime video, kwani picha ndiyo inayoulemea mtandao.

Lakini lililonifundisha zaidi halikuwa la mitambo. Mzee mmoja wa Rungwe alikuwa akieleza kikundi chao kinavyoandika faini za wanaochelewa. Mvua ikashuka, na mnaijua mvua ya Rungwe juu ya bati. Hatukusikia neno. Nikamzima kipaza sauti bila kusema chochote. Akatoka, na kipindi kilichofuata hakuonekana. Nilipompigia, tukasalimiana, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, ulininyamazisha mbele za watu."

Alikuwa na haki. Hakuwa na namna ya kujua kwamba sauti yake ilikuwa imefunikwa. Yeye alikuwa anajisikia vizuri. Tena mwenyeji wa kikao cha Zoom, yaani aliyekifungua, akishamzima mtu kwa kawaida hawezi kumfungulia kwa nguvu, anamtumia ombi tu, na mwenyewe ndiye anayekubali. Asiyejua pa kubonyeza ataamini amefungiwa moja kwa moja.

Kwa hiyo siku hizi natanguliza neno: "Samahani mzee, mvua imetuzidi, naomba nizime kipaza sauti chako kidogo, utapigiwa simu sasa hivi umalizie." Msaidizi anapiga, anaandika maelezo yake, nami nayasoma kwa darasa zima nikimtaja aliyeyatoa.

Mzee yule nilimwomba radhi kwenye simu, kisha nikamwomba tena kipindini, mbele ya walewale waliokuwepo. Ndipo akaeleza faini zao upya tangu mwanzo, na mama mmoja wa Makete akamwomba arudie taratibu, ili aandike.