Nilichanja, mbona watoto wa mbwa wamekufa?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Mikindani, Mtwara. Mbwa wangu alizaa watoto watano, na walipofika wiki 6 nikawachanja wote, mara moja. Wiki tano baadaye wanne wakafa ndani ya siku nane. Walikuwa hawali, wanatapika, wanaharisha damu yenye harufu kali. Majirani wanasema wametegewa sumu. Ndugu yangu wa Nachingwea ameniahidi wengine wawili, wa wiki 7, wa kulinda shamba la korosho. Nifanyeje nisiwapoteze na hawa?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Sumu mara nyingi huwaangusha wote walioila kwa saa chache, siku hiyohiyo. Wako wamekwenda mmoja mmoja kwa siku nane, na kuharisha ni kwa damu. Bila kipimo siwezi kuapa, lakini ulivyoeleza ndivyo parvo, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na kirusi, unavyoua. Kirusi chake hukaa mwilini siku 3 hadi 7 kabla ya dalili, kisha hula ngozi ya ndani ya utumbo na kushusha chembe nyeupe za damu. Binadamu hakimpati.

Sasa chanjo. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama kwenye dang'a, yale maziwa ya mwanzo. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huiua chanjo kabla mwili haujajifunza kitu. Akiwa na wiki 6, mara nyingi bado ina nguvu. Baadaye inapungua, kwa huyu wiki ya 9, kwa ndugu yake wa tumbo moja wiki ya 14, na hakuna anayeweza kukuambia siku yenyewe kwa kumtazama. Ndiyo maana tunarudia: wiki 6 hadi 8, halafu kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na nyongeza akikaribia mwaka. Ile ya wiki 16 ndiyo nisiyokubali iachwe, hata mfuko ukibana. Inaniuma kila ninapokutana na mfugaji aliyeambiwa "umeshachanja, basi".

Siku ya kuchanja angalia kichupa kimetoka wapi. Chanjo hii hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikitolewa mfukoni, kwa joto letu la Mtwara, usilipe. Unga na maji yake vichanganywe mbele yako na sindano ichomwe papo hapo. Na ile chanjo ya kichaa cha mbwa ya kampeni ni muhimu, mpeleke, ila haizuii parvo.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni uwanja wako. Kinyesi cha wale wanne kimeacha virusi ardhini, na penye kivuli na unyevu, kama chini ya mwembe, vinaweza kukaa hai miezi mingi, hata mwaka. Gunia walilolalia lichome moto. Bakuli, sakafu ya saruji na kandambili zako osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha mwagia Jik, nusu lita kwa lita 10 za maji, iache dakika 10 ikiwa bado mbichi. Ukimwaga juu ya kinyesi haifanyi kazi, na kwenye mchanga pia usiitegemee. Dettol haiui kirusi hiki.

Kwa hiyo wale wawili wasije sasa. Waachwe Nachingwea, wachanjwe hukohuko, waje wiki mbili baada ya chanjo ya wiki 16. Ndugu yako akisema mbwa mkubwa hazoei nyumba, mwambie mimi nimekataa. Wa miezi minne na kidogo anafundishika vizuri tu. Wewe nawe usiende kuwatazama na viatu ulivyovaa uwanjani.

Yule wa tano aliyebaki asitoke nje kwa wiki nne, maana anaweza kutoa virusi kwenye kinyesi hata akionekana mzima. Mwendelezee chanjo zake, kwani ile ya mchanganyiko inakinga distempa pia, ugonjwa mwingine wa mbwa. Akikataa chakula hata mlo mmoja na akatapika, usimnyweshe maziwa wala mafuta. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo awekewe dripu. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hatuna, kinachookoa ni maji mwilini, na asubuhi ya kesho yake huwa umechelewa.