Kijiji Kikiombwa Ardhi ya Kuhifadhia Taka za Mionzi

Taka za mionzi hazitoki kwenye vinu vya nyuklia pekee. Wanaokagua viungo vya mabomba ya mafuta mara nyingi hutumia chanzo cha mionzi kiitwacho Iridiamu-192, na kiwanda cha saruji kinaweza kuwa na kifaa cha kupimia chenye Sesiamu-137 ubavuni mwa tangi. Vyanzo hivyo vikiisha kazi, lazima viwekwe mahali.

Ombi likifika kijijini kwenu hapa Tanga, zahanati na ajira mtakazoahidiwa zisubiri. Anzeni kudai orodha: kila chanzo kwa jina, kiasi chake kwa bekereli (kipimo cha nguvu ya chanzo), na nusu-maisha yake, yaani muda wa mionzi yake kupungua nusu. Iridiamu-192 hupungua nusu kila siku 74, hivyo baada ya miaka miwili imebaki kama sehemu moja ya elfu. Sesiamu-137 itahitaji miaka 300 kufika hapo. Amerisiamu-241, chanzo kingine cha namna hii ambacho nusu-maisha yake ni miaka 432, itahitaji zaidi ya miaka 4,000. Mkiletewa karatasi iliyofunga vyote hivyo kwenye maneno "taka hafifu", irudisheni. Ghala lenye uzio na mlinzi linaifaa iridiamu. Kwa amerisiamu hakuna serikali inayoweza kuahidi mlinzi.

Kikomo cha kimataifa kwa mwananchi ni milisiveti 1 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka, mbali na mionzi ya asili ambayo wastani wake duniani ni kama 2 hadi 3. Mtasomewa wastani wa dozi ya wakazi wote. Msiukubali peke yake, maana unamficha mama anayechota maji kisima cha karibu na uzio na kula samaki wa pwani hiyohiyo kila siku. Dozi inayotakiwa ni ya mama huyo.

Na hapa ndipo pwani yetu ina tatizo lake. Tumekalia matumbawe na mawe ya chokaa, mawe yanayotobolewa na maji mpaka yakawa mapango kama ya Amboni. Maji hukimbia ndani ya nyufa bila kuchujwa kama yanavyochujwa kwenye udongo wa mfinyanzi. Kisima kimoja cha kupimia kinaweza kutoa majibu safi huku uchafu umepita ufa wa pili. Daini visima kadhaa, vipimwe masika na kiangazi, mwaka mzima kabla ya mzigo wa kwanza. Bila vipimo vya kabla, hamtakuwa na cha kulinganisha maji yakibadilika.

Ridhaa ya wenyeji nayo ina uzito. Mwaka 1987 Bunge la Marekani liliteua mlima wa Yucca Mountain peke yake kuchunguzwa kwa ajili ya kuzikia taka za nyuklia, jimbo lake la Nevada likapinga, na hadi leo hakuna taka iliyozikwa pale. Ufini, halmashauri ya Eurajoki ilikuwa na haki ya kukataa. Ilikubali, na handaki la Onkalo la kuzikia taka hizo limechimbwa zaidi ya mita 400 chini.

Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa Mkutano wa Kijiji uwezo wa kukubali au kukataa kuhamishwa kwa ardhi iliyo chini ya hekta 250. Zikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri. Kwa hiyo someni ukubwa wa eneo kwanza, na fidia ikubaliwe kabla ya uhamisho. Karatasi ya mahudhurio iandikwe ajenda na tarehe juu kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, isije ikabandikwa kwenye ombi kama ridhaa.